Hasira ni Hasara ya Nani?

Ni methali chache katika lugha yetu zilizo fupi kama ile isemayo kuwa hasira ni hasara. Wengine huikata zaidi wakasema hasira hasara, basi. Maneno yake mawili yametengana kwa irabu moja tu: itoe i ya katikati, weka a mahali pake, na hasira imekwisha kuwa hasara. Kila mwaka wanafunzi wangu huiandikia insha. Aghalabu mwandishi huanza kwa kuitaja methali, akasimulia habari za mtu aliyekasirika akavunja vyombo vyake mwenyewe au akaishia gerezani, kisha akaitaja methali mara ya pili na kutia nukta. Insha hizo huzipa alama nzuri sarufi yake ikiwa safi. Lakini kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa na swali ambalo sijathubutu kuliandika pambizoni mwa daftari la mtoto. Methali hutuambia kwamba hasara ipo. Haituambii kwamba hasara hiyo ni ya nani.

Sisi sote hudhani kuwa ni ya mwenye hasira. Ndivyo wazee walivyokusudia bila shaka, kwa kuwa methali ile ni onyo, na mtu huonywa juu ya lile litakalompata yeye. Lakini itazame dunia kwa makini. Mtoto aliyeungua kidole haurudii moto. Lau hasira ingalimwunguza mwenyewe kila mara iwakapo, watu wangaliiacha zamani, kama walivyoacha kula uyoga wenye sumu. Mbona hawakuiacha? Mbona yuko mtu aliyekasirika kila siku kwa muda wa miaka hamsini, akazeeka, akafa kitandani pake na kuzikwa kwa heshima? Yamkini ni kwa sababu hasara ya hasira yake ililipwa na wengine: mke, mtoto, mtumishi, punda.

Usinielewe kuwa naichukia hasira yenyewe. Mtu aonaye mali ya yatima ikiliwa, na moyo wake usipate joto hata kidogo, hana sifa ya upole, ana ugonjwa. Mwili wetu uliumbwa na silaha hii. Mtu akikasirika, tezi ndogo zilizo juu ya mafigo humwaga adrenalini katika damu, moyo huenda mbio, pumzi hufupika, misuli hukaza, naye huwa tayari kulikabili jambo ambalo dakika moja kabla yake angalilikimbia. Mgiriki Aristotle, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliona kuwa kukasirika ni jambo jepesi liwezwalo na kila mtu; lililo gumu ni kumkasirikia yule apasaye, kwa kiasi kipasacho na kwa wakati upasao. Katika hayo matatu, mimi hulitilia mkazo lile la kwanza.

Mrumi Seneca, aliyeandika kitabu kizima juu ya hasira, alikuwa mkali zaidi. Yeye aliifananisha na wazimu wa muda mfupi. (Seneca alikuwa mwalimu wa Kaisari Nero, na mwanafunzi wake huyo ndiye aliyemwamuru ajiue, mwaka 65. Walimu wenzangu ambao masomo yao hayashiki wajifariji kwa habari hiyo.) Namheshimu, lakini hapa sikubaliani naye. Mwendawazimu hachagui. Humtukana chifu kama amtukanavyo mchuuzi, na hulirushia jiwe gari la polisi kama alirushiavyo kuku. Mwenye hasira huchagua, tena huchagua upesi na kwa akili nyingi. Mtazame karani aliyetukanwa na mkuu wake asubuhi. Mbele ya mkuu huinamisha kichwa na kusema ndiyo, bwana. Saa sita humkemea mleta chai. Jioni humpigia kelele mkewe kwa ajili ya chumvi ya mchuzi. Hasira yake imeshuka ngazi tangu asubuhi mpaka usiku, wala haikupanda hata daraja moja. Je, huo ni wazimu? Ni wazimu gani huo uijuao mishahara ya watu na nguvu za mikono yao? Husemwa kuwa hasira ni kipofu. Mimi naona ina macho makali sana, na humtambua kwa mbali mtu asiyeweza kurudisha pigo.

Hayo sikuyapata vitabuni. Niliyapata Hulugho, na karani nilikuwa mimi.

Hulugho iko kusini mwa kaunti ya Garissa. Ukienda mashariki utafika mpaka wa Somalia. Ukienda kusini utaingia nchi ya msitu wa Boni, na ng'ambo yake ni Lamu, nilikotoka. Wenyeji wengi ni Wasomali wafugao ng'ombe na mbuzi, na uhai wao hutegemea malambo yajazwayo na mvua, kwani maji ya chini ya ardhi mahali pengi ni ya chumvi. Misimu ya mvua huko ni miwili, gu wakati wa masika na deyr wakati wa vuli. Ilipofika Oktoba 2022 misimu minne mfululizo ilikuwa imepita bila ya mvua ya kutosha, na wa tano ulikuwa unaanza kwa dalili zile zile. Kando ya njia palikuwa na mizoga ya ng'ombe, ngozi imekauka juu ya mbavu.

Siku moja ya mwezi huo nilipokea barua. Ilitoka katika ofisi fulani iliyo mbali, nami sitaitaja, na ilihusu malimbikizo ya mshahara niliyoyadai kwa muda mrefu. Jibu lilikuwa kwamba faili langu halionekani, nianze upya. Ilikuwa mara ya tatu. Niliisoma nikiwa nimesimama nje ya darasa la kidato cha pili, nikaikunja, nikaitia mfukoni, nikaingia. Kwenye dawati la nyuma, karibu na dirisha, kijana mmoja alikuwa amelala juu ya daftari lake.

Siku nyingine ningalimgusa bega tu. Siku ile nilikwenda nikasimama mbele yake, nikasema kwa sauti ya kusikiwa na wote kwamba kama usingizi ni mtamu kuliko masomo, basi aende akalale na mbuzi wa baba yake, maana huenda hao ndio wenzake. Wanafunzi arobaini walicheka. Kijana aliinuka, akafunga daftari, akapita kati ya madawati bila ya kunitazama, akatoka. Nami, msomaji, nakuungamia jambo ambalo watu huliruka wanaposimulia habari za hasira zao: niliona raha. Kwa muda wa dakika kumi hivi nilifundisha vizuri kuliko nilivyofundisha wiki nzima. Kifua kilikuwa chepesi. Deni langu lilikuwa limelipwa, ila halikulipwa na mdaiwa.

Kipindi kilipokwisha, jirani yake wa dawati alinifuata mpaka mlangoni. "Mwalimu," alisema, "yule hakulala usiku. Baba yake ni mgonjwa, na yeye ndiye anayewapeleka majini ng'ombe waliobaki. Huenda nao usiku kwa sababu mchana jua huwaangusha." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini: "Na mbuzi hawana tena. Wamekwisha kufa."

Kijana hakurudi kesho yake, wala kesho kutwa. Siku ya nne nilitaka kwenda kwao. Mwalimu mwenzangu, mwenyeji wa pale, alinizuia nisiende peke yangu. Alisema kuwa jambo la kumvunjia mtu heshima haliendewi na mtu mmoja; nitafute mzee wa kunisindikiza, kwani nikienda pekee nitaonekana nimekwenda ama kugomba ama kubembeleza, na yote mawili hayafai. Nilimwomba mzee mmoja mwenye duka, aliyekuwa akinipa sukari kwa mkopo kutokana na habari ile ile ya mshahara. Alikubali bila ya kuuliza.

Baba wa kijana alitupokea chini ya mti. Alikuwa amelala juu ya mkeka, akajikongoja akaketi. Tuliletewa chai ya rangi. Akaomba radhi kwa ajili ya chai hiyo kabla mimi sijapata kuomba radhi kwa ajili ya jambo langu, maana kwa mfugaji ni unyonge mkubwa kumpa mgeni chai isiyo na maziwa. Alisema Kisomali, na mzee mwenye duka akafasiri.

"Mwanangu alikukosea nini, Mwalimu?"

Nilijibu kuwa hakunikosea.

"Basi aliyekukosea ni nani?"

Sikuwa nimejitayarisha kwa swali hilo. Nikamweleza habari za barua, tangu mara ya kwanza hata ya tatu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema maneno machache, na mfasiri wangu akaanza kucheka kabla ya kunifasiria. "Anasema barua hiyo imesafiri mbali sana kuja kumpiga mtoto wake."

Nilikuwa nimechukua fedha kidogo, kwa kuwa niliambiwa kwamba kwa Wasomali mtu aliyevunjiwa heshima hupewa malipo yaitwayo xaal. Nilizitoa. Hakuzipokea. "Maneno yako yalisikiwa na watoto arobaini," alisema. "Fedha hizi nitazisikia mimi peke yangu." Nikafahamu alilolitaka, nikaahidi, nami nakiri kuwa nilijuta kuahidi kabla sijaondoka pale chini ya mti. Kumwomba radhi baba ni jambo moja. Kusimama mbele ya darasa lile lile ni jambo jingine kabisa.

Njiani mzee mwenye duka alikuwa na maneno mengi. Alinikumbusha mafundisho ya Mtume kwamba mtu akikasirika hali amesimama, na aketi. Asipotulia, na alale. Nilikumbuka kuwa barua niliisoma nikiwa nimesimama. Kisha akasema kuwa nina bahati, kwa sababu mimi ni mgeni na kosa langu lilikuwa la ulimi. Lau ningalikuwa mtu wa ukoo mwingine wa pale pale, na lau ningalimjeruhi kijana, shauri lisingalikuwa kati yangu na baba yake. Lingalikuwa kati ya ukoo na ukoo. Katika mila ya Wasomali, ndugu wa upande wa baba hufungamana kwa kulipa damu pamoja na kupokea malipo ya damu pamoja. Mmoja wao akiua, si yeye peke yake aliyeua. Malipo huitwa mag, na wengine hutumia neno la Kiarabu, dia. Kwa mila ya zamani damu ya mwanamume huhesabiwa kuwa ngamia 100.

Nimeifikiri sana mila hiyo tangu siku ile. Hasira ya kisasi hutafuta mtu wa kulipa, na katika nchi ambako ndugu wote ni wadeni, mtu yeyote wa ukoo ule atatosha. Mchungaji aliyekuwa na mifugo yake umbali wa siku mbili, asiyejua kwamba pametokea ugomvi, huweza kulipa kwa roho yake deni la binamu asiyemwona mwaka mzima. Hiyo ndiyo hasira ishukayo ngazi, lakini ngazi yake ina damu.

Ndivyo ilivyokuwa Wajir mwaka 1992 na 1993, koo za Ajuran, Degodia na Ogaden zilipogombana. Mtu aliuawa kwa jina la ukoo wake tu. Hasira ilifika hata sokoni: mwanamke wa ukoo huu hakumwuzia maziwa mwanamke wa ukoo ule, ilhali watoto wa wote wawili walikuwa na njaa moja. Dekha Ibrahim Abdi, aliyezaliwa Wajir mwaka 1964, alisimulia kwamba usiku mmoja wa miaka hiyo risasi zililia karibu na nyumba yake, akajificha chini ya kitanda pamoja na mtoto wake. Kulipokucha mama yake alimwambia kuwa naye aliwahi kumshika yeye, Dekha, chini ya kitanda kwa sababu kama hiyo, katika miaka ya 1960, akiwa mtoto mchanga. Fikiri, msomaji, hesabu iliyomjia mama huyo asubuhi ile: bibi, binti, mjukuu, na kitanda. Hakuna hata mmoja kati ya watatu hao aliyekuwa amemkosea mtu.

Dekha alikasirika. Nalisema hili kwa makusudi, kwa kuwa wengi humsifu kana kwamba alikuwa mpole tu. Lakini hasira yake haikwenda kumtafuta mwanamke wa ukoo wa pili. Yeye na wenzake walikwenda sokoni, wakawakutanisha wanawake wa koo zote, wakaafikiana kuwa soko liwe wazi kwa kila mtu auzaye na kila mtu anunuaye, wakaweka kamati ya kulinda maafikiano hayo. Kutoka sokoni wakawaendea wazee. Wazee walipokutana waliongozwa na mzee wa ukoo mdogo usiokuwa na upande katika vita. Mwaka 1993 wakatoa Azimio la Al-Fatah la kukomesha mapigano. Dekha alipewa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007, akafariki Julai 2011 baada ya ajali ya barabarani.

Mwaka 2001 palifuata azimio la Modogashe, ambalo liliweka fidia ya mifugo 100 kwa mwanamume aliyeuawa na 50 kwa mwanamke. Nina binti, na kila nifikapo kwenye hesabu hiyo ya pili kalamu yangu husita. Sioni ni mizani gani iliyompima mtu ikampata nusu. Hata hivyo natambua faida ya kuhesabu kwenyewe. Hasira haina idadi. Ukiiuliza inataka nini, haitataja kiasi. Mia moja ni idadi. Ikifika, imefika, na mwenye kudai zaidi baada ya hapo huonekana na ndugu zake mwenyewe kuwa ni mkorofi.

Utaniambia kwamba hapa pia anayelipa siye aliyekasirika. Ni kweli. Mwuaji huenda akatoa ng'ombe mmoja, na waliobaki hutolewa na binamu ambao hawakuinua hata fimbo. Nilimwuliza mzee mwenye duka juu ya jambo hilo, akanijibu kuwa ndiyo maana kila ukoo huwajua vijana wake wenye moto. Mtu ajuaye kwamba mtamba wake utalipia kisu cha binamu yake hukaa karibu na binamu huyo palipo na ugomvi, akamshika mkono mapema. Sijui mahakama iwezayo kumtuma askari kwa kila mwenye hasira kabla hajatenda.

Usidhani kwamba ugonjwa huu ni wa wafugaji. Mjini Garissa, Novemba 1980, baada ya maofisa wa serikali kuuawa, vikosi vya usalama viliuchoma moto mtaa wa Bulla Karatasi, na wakazi wakakusanywa katika uwanja wa shule ya msingi bila ya chakula wala maji. Novemba 2012, katika mji ule ule, askari watatu wa jeshi waliuawa, na soko likateketezwa. Mwuza nguo ambaye meza yake iliungua hakumwua askari. Alikuwa karibu tu. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaandika mambo ya 1980 katika ripoti yake iliyotolewa mwaka 2013, na vijana wangu wengi hawajaisoma. Serikali ina sare na sheria na mihuri, lakini hasira yake ikifunguliwa hushuka ngazi ile ile ya karani. Tena serikali haina binamu wa kuushika mkono wake.

Kijana alirudi siku ya ishirini. Mimi mwenyewe niliiahirisha ahadi yangu kwa siku mbili, kwa visingizio ambavyo sitakuchosha navyo. Siku ya tatu niliingia darasani, nikaweka chaki mezani, nikasema kwamba wiki tatu zilizopita nilimtukana mwenzao na baba yake, kwamba hakuwa amenikosea, na kwamba nilikuwa nimekasirishwa na watu wengine ambao sikuwa na ubavu wa kuwakasirikia. Hapana aliyecheka. Kijana alisimama, kama wanafunzi wasimamavyo waitwapo, akasema, "Nimesamehe, Mwalimu," akaketi. Tukafungua kitabu.

Malimbikizo yangu nililipwa mwaka 2023, yote, bila ya kupungua hata senti. Baba yake alipona, na mvua ya masika ya mwaka huo ilinyesha. Kijana alifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2024, na alipokuja kuwaaga walimu alinipa mkono kama alivyowapa wote. Nilimfundisha kwa miaka miwili baada ya siku ile. Nikimwuliza swali alisimama akajibu, na aghalabu jibu lilikuwa sahihi. Walimu wa masomo mengine waliniambia kuwa alikuwa mwulizaji mkubwa kuliko wote darasani. Katika kipindi changu hakunyosha mkono hata mara moja.